Somo la Moto Nyumbani kwa Mwalimu Kistler

Asubuhi ile ya Juni, kabla umande haujakauka kwenye nyasi, Mwalimu Ammon Kistler alikuwa amekwisha kuifuta meza ya jikoni mara mbili na kuliweka jalada katikati yake, kingo za jalada zikiwa sambamba na kingo za meza. Ndivyo alivyoumbwa. Zama alipofundisha Kilatini na hesabu katika shule ya bonde lile, wanafunzi walisema kwamba hata kivuli chake husimama wima. Na wazazi wao, ambao nao walikuwa wamepitia mikononi mwake, hawakuwakemea kwa kusema hivyo.

Mjukuu wake Lettie, mtoto wa miaka kumi, aliketi upande wa pili wa meza, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa mkia mmoja uliopinda kidogo kwa sababu aliyeusuka ni babu. Alikuwa anakula mkate uliopakwa jemu ya matofaa.

"Babu, huyo Bibi Yerger anayekuja kunipima ni mkali?"

"Si mkali. Anacheka sana."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Anayecheka humjui lini atauma."

"Kula. Na ukiulizwa, jibu kwa sentensi nzima."

Sheria ya Pennsylvania haimnyimi mtu ruhusa ya kumsomesha mtoto wake nyumbani, lakini haimwachii mlango wazi apite anavyotaka. Mwenye nia hiyo sharti awe mzazi, au mlezi aliyekabidhiwa mtoto na mahakama. Sharti awe amehitimu sekondari, ale kiapo mbele ya mthibitishaji wa viapo, na kiapo hicho kimfikie mkuu wa elimu wa wilaya kabla ya masomo kuanza, kikiwa na masomo yote atakayofundisha na ushahidi kwamba mtoto amechanjwa. Atafundisha siku mia moja na themanini. Atatunza jalada la vitabu vilivyosomwa na kazi za mtoto za tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Kisha atamwita mwalimu mwenye leseni, asiyekuwa yeye mwenyewe wala mkewe, aje azungumze na mtoto, alipekue jalada, na athibitishe kwa sahihi kwamba elimu ya kufaa inatolewa. Juni ikiisha bila barua hiyo, wilaya huanza kuuliza maswali, na maswali yakikosa majibu, mtoto hurudishwa shuleni.

Wengi bondeni waliinung'unikia sheria hiyo. Kistler hakuinung'unikia. Aliisoma yote, ibara kwa ibara, akaona kwamba imeandikwa na mtu asiyependa uzembe, akaiheshimu. Mthibitishaji, kijana ambaye Kistler mwenyewe alimfundisha kugawanya sehemu, alipomwambia, "Mwalimu, wewe huna haja ya kuinua mkono, weka sahihi tu," alimtazama mpaka kijana akainuka kitini. Ndipo akainua mkono wake wa kulia na kuapa neno kwa neno.

Sababu ya haya yote ilikuwa moja. Februari ya mwaka uliotangulia, nyumba ya kupanga aliyokaa binti yake Corinne iliungua. Corinne alimtoa Lettie nje, akamsimamisha barazani kwa jirani, miguu mitupu kwenye theluji. Kisha akarudi ndani, wala hakutoka tena. Paka wao, Biskuti, alipatikana siku ya pili chini ya ghala la jirani, akiwa mzima, masharubu tu yameungua upande mmoja. Baba yake Lettie alikuwa amekwenda zake zamani sana, na hakimu alimkabidhi mtoto kwa babu bila ya maneno mengi.

Aprili ya mwaka ule ule, shule ilifanya zoezi la moto, kama zinavyofanya shule zote. Kengele ililia, watoto wakatoka kwa mistari, wakasimama uwanjani. Lettie akasimama nao. Kisha akageuka, akakimbia akaingia tena ndani, na mfagiaji alimkuta anafungua mlango mmoja baada ya mwingine, vyumba vitupu vyote, na kuchungulia. Kwa kuwa kengele ile hulia kila mwezi, Kistler alimtoa shuleni mwaka ulipoisha.

Kistler hakulia, si makaburini wala baadaye. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unaubeba, unatembea nao, ila huusikii. Kila asubuhi alimmiminia Biskuti maziwa bila kumtazama. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alisimama mbele ya ubao alioupigilia ukutani jikoni na kufundisha. Alifundisha vizuri. Jambo hilo hakuwa na shaka nalo.

Gari la Bibi Yerger liliingia likipasua changarawe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwalimu mstaafu aliyekuwa akizunguka mabonde matatu kila Juni kuwapima watoto wa majumbani. Alishuka amebeba pai ya molasi juu ya jalada lake.

"Mwalimu Kistler! Bado unavaa tai kwa ajili ya wanawake wanaokuja kukukagua?"

"Navaa kila siku, Bibi."

"Najua. Ndiyo maana hukuoa tena. Nani atazipiga pasi zote hizo?" Akaiweka pai mezani, akaionja kahawa aliyomiminiwa, akakunja uso. "Lo! Hii kahawa au shubiri? Lettie, mwanangu, babu yako anakunywesha hii?"

"Hapana, Bibi. Mimi hunywa maziwa."

"Mungu yupo."

Akalifungua jalada la mtoto. Akapekua polepole, akitoa sauti ndogo za kuridhika, kama mtu anayeonja mchuzi. Insha za Septemba zilikuwa na makosa, za Mei hazikuwa nayo. Ramani ya mito ya jimbo ilichorwa kwa wino. Kulikuwa na mchoro wa moyo wa ng'ombe aliyechinjwa kwa jirani, mishipa yote imetajwa. Akamgeukia mtoto.

"Haya, mama. Niambie, gavana anaweza kumfunga mtu kwa sababu hampendi?"

"Hawezi, Bibi. Gavana hutekeleza sheria. Anayehukumu ni mahakama."

"Na kama anamchukia sana sana?"

"Basi atamchukia akiwa nje."

Bibi Yerger akacheka mpaka pai ikatikisika. Kistler hakucheka, lakini aliinyoosha tai yake, na hiyo kwake ilikuwa sherehe. Wakaenda hivyo, historia, sehemu na desimali, beti alizohifadhi, wimbo alioimba bila kukosea. Kisha Bibi Yerger akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaja tena mbele, akarudi tena nyuma.

"Mwalimu, sioni kazi ya somo la moto."

"Haipo."

"Haipo humu kwenye jalada, au haipo kabisa?"

"Kabisa."

Bibi Yerger akaiweka kalamu chini. Miongoni mwa masomo ambayo sheria ya jimbo lile inayataja kwa jina, pamoja na lugha na hesabu na historia, limo somo la usalama, na ndani yake mafundisho ya hatari za moto na namna ya kuuzuia, yatolewe mfululizo bila kukatika. Kila mzazi wa bondeni huliona kuwa somo la nusu saa. Kistler aliliona kila alipofungua orodha. Aliliapia. Na kila alipolifikia aliugeuza ukurasa.

"Ngoja," akasema Bibi Yerger, sauti imeshuka. "Wengine huniletea picha moja tu, mtoto kachora gari la zimamoto, nami hufumba jicho nikaridhika. Lettie, hujawahi kuchora gari la zimamoto?"

"Hapana, Bibi."

"Hata baya? Hata lisilo na magurudumu?"

"Sijachora."

"Mama, hebu katazame kuku wa babu kama wametaga."

"Babu hafugi kuku."

"Basi katazame kwa nini hafugi."

Lettie akamtazama babu yake, babu akaitikia kwa kichwa, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Bibi Yerger akasogeza kiti.

"Mwalimu. Nani bonde zima hili atakuuliza? Sote tulikuwapo makaburini. Niambie tu kwamba siku moja ulimwambia asichezee viberiti. Neno moja hilo, naandika, natia sahihi, nakata pai."

"Sikumwambia."

"Sasa umwambie nini mtoto kama yule? Sheria haikumwazia yeye ilipoandikwa."

"Sheria haimwazii mtu, Bibi. Ndiyo maana inaitwa sheria. Niliapa kufundisha masomo yale, nikafundisha yote ila moja. Ukiandika kwamba nimefundisha, utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu, nami sitakubali mwanamke aseme uongo mezani pangu."

"Nisipoandika anarudi shuleni. Kwenye kengele ile."

"Najua."

"Unajua, unajua! Mtu anaweza kujua mpaka akaoza." Alikuwa amekasirika sasa, na hasira ilimfaa kuliko huruma. "Uliapa utafundisha mwaka huu, sivyo? Haya, mwaka umekwisha? Juni imekwisha? Mimi sina pa kwenda mpaka mchana. Simama ufundishe."

Kistler akatazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imetulia. Alitamani kidogo itetemeke, apate sababu. Kisha akainuka, akaenda mlangoni.

"Lettie. Njoo darasani."

Mtoto akaja, akaketi mahali pake, mikono juu ya meza. Biskuti alipenya nyuma yake kabla mlango haujafungwa, akaenda zake uvunguni. Kistler akachukua chaki. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya Kilatini na ya sehemu.

"Leo ni somo la moto. Moto ukizuka usiku, moshi hutangulia. Moshi hupanda, kwa hiyo wewe hushuka: unatambaa. Mlango uliofungwa unaugusa kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto, huufungui. Ukiwa wa baridi, unaufungua taratibu, unatoka, unaufunga nyuma yako. Huvai viatu. Hubebi kitu. Unakwenda mahali palipokubaliwa. Hapa kwetu ni kwenye sanduku la barua, kando ya barabara. Ukishatoka…"

Chaki ilibaki ubaoni. Hakuna kilichotoka. Hakusikia uchungu, alisikia tu kwamba maneno yamefika mahali yakasimama, kama punda aliyefika kwenye daraja.

"Ukishatoka hurudi," akasema Lettie.

"Nani alikufundisha?"

"Shuleni, darasa la kwanza. Walikuja wazimamoto wakatugawia pipi." Akautazama ubao. "Mama naye alijua?"

"Alijua."

"Lakini alirudi."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Biskuti yumo ndani."

Bibi Yerger akageuza uso dirishani. Kistler akaishusha chaki.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Jirani alikusikia. Aliniambia siku ile ile."

"Na siku zote hizo hukusema."

"Sikusema."

"Ulinikasirikia?"

"Hapana."

Alijipekua ndani aone kama kuna la zaidi, kwa kuwa mtoto alikuwa anasubiri na macho yake hayakupepesa. Aliongea polepole, akijenga sentensi kama mtu anayepanga mawe.

"Paka alikuwa ndani. Ulisema kweli. Mtoto akimwambia mama yake kweli hajakosa. Ya mlango, auingie au asiuingie, ni kazi ya mtu mzima, na aliyeamua ni mtu mzima. Nilimpenda, na aliamua vibaya. Hayo mawili yote ni kweli, na hakuna hata moja lililo lako."

Lettie alikikwangua kitone cha jemu kilichokauka kwenye meza.

"Sasa swali," akasema Kistler. "Nyumba hii inaungua. Wewe umetoka, uko kwenye sanduku la barua. Mimi sijatoka. Unafanya nini?"

"Narudi."

"Si jibu."

"Ndilo jibu langu."

"Ni lako, lakini si sahihi."

"Basi niandikie sifuri."

"Mwalimu," akaingilia Bibi Yerger, "inatosha. Somo limefundishwa, nimeliona kwa macho yangu mawili. Sheria haisemi mtoto apate alama."

"Mimi nasema." Hakumtazama. Alikuwa anamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile aliiona shule kichwani mwake: milango inafunguliwa mmoja mmoja, vyumba vitupu. Alikuwa amemwondoa mtoto kwenye kengele akadhani amemwondoa kwenye moto. "Lettie. Kurudi ni marufuku. Kuita si marufuku. Unasimama pale na unaita. Sauti inaweza kuingia mahali ambapo mtu hapaswi kuingia. Unaita kwa nguvu zako zote, na kazi yangu mimi ni kutoka."

"Usipotoka?"

"Wataingia wenye mavazi na mitungi ya kazi hiyo."

"Na wasipokuja haraka?"

"Wewe bado utakuwa pale."

"Hiyo sheria mbaya."

"Mbaya. Tutaifanyia mazoezi."

Alimpa Bibi Yerger sufuria ya kuchemshia mayai na mwiko, viwe kengele. Bibi Yerger aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiyemjua, akaitazama, akamtazama Kistler, akaigonga. Ilikuwa sauti kubwa, ya kukera. Lettie alishtuka, uso ukawa mweupe, lakini alishuka sakafuni akatambaa mpaka mlangoni, akaugusa kwa nyuma ya kiganja, akaufungua, akatoka, akaufunga. Wakazisikia nyayo zake kwenye changarawe.

Kistler akasimama kando ya pazia, mahali anapoweza kuona bila kuonekana. Mtoto alifika kwenye sanduku la barua, akaushika mti unaolibeba kwa mikono miwili, akageuka kuitazama nyumba.

"Haya, toka basi," akanong'ona Bibi Yerger.

"Bado."

"Mwalimu, miguu yake inacheza."

"Naiona."

Nyumba ilikuwa kimya. Lettie aliuachilia mti kwa mkono mmoja. Aliingiza mguu kwenye nyasi, kisha wa pili, akawa ameuacha mti wenyewe, yuko katikati ya sanduku na baraza, mabega yameelekea mlango. Kistler aliona mambo mengi madogo: soksi moja imeshuka, mkia wa nywele umefunguka nusu. Alijua kwamba akitoka sasa, mtoto atajifunza kwamba kurudi ndiko kunakomtoa mtu. Hakutoka. Hakuomba, kwa kuwa muda mrefu alikuwa hajui aombe kwa maneno gani. Alisimama tu, mkono juu ya kitasa, na kitasa kilikuwa baridi, na hilo alilisikia.

Mtoto akarudi nyuma. Hatua moja, nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa mti wa sanduku.

"Babu!" akaita.

Haikutosha. Ilikuwa sauti ya mezani. Kistler akabaki.

"Babu! Toka!" Kisha, kwa sauti ambayo mbwa wa jirani aliijibu ng'ambo ya shamba, "Toka nje! Ammon Kistler! Toka nje sasa hivi!"

Akafungua mlango akatoka. Hakukimbia, kwa kuwa magoti hayakumruhusu, lakini alitembea kwa haraka ambayo bonde lile halikuwahi kuiona kwake, ameshika tai isimpige usoni, amevaa makubazi ya ndani, changarawe zikimchoma nyayo. Alipofika kwenye sanduku la barua alisimama wima kando ya mtoto, wote wawili wakiitazama nyumba, ambayo ilikuwa haina kitu ila jua kwenye paa.

Lettie alikuwa anahema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. Kistler alitoa leso, akamwekea mkononi.

"Nilikusikia vizuri."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa."

Bibi Yerger alikuwa ametoka, sufuria kwapani, ameegemea gari lake akiandika juu ya boneti. Aliandika mistari michache, akatia sahihi, akaupuliza wino kama watu wa zamani.

"Mwalimu, barua yako hii hapa. Elimu ya kufaa, na mfululizo wa somo la moto utauanza leo. Sasa mtanikatia pai, au nife na njaa kwa ajili ya elimu?"

Kistler akanyoosha mkono kuipokea barua. Lettie akamvuta mkono wa shati.

"Tena," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hukutoka haraka. Mara hii nikiita mara moja tu, utoke."

Kistler akamtazama, kisha akaitazama njia ya changarawe mpaka mlangoni. Moyo ulikuwa bado na ganzi yake; mguu ulioganda hauamki kwa siku moja. Lakini mtu huweza kuukanyagia. Akageuka, akaanza kutembea kurudi ndani, ili aitwe. Bibi Yerger, ambaye alikuwa amekwisha kuichomeka kalamu mfukoni, akashusha pumzi na kuichukua tena sufuria.